Skrubu Sita za Mjomba

Nyamisati redio si ya starehe tu. Mjomba wangu ni mtu wa bahari, na kabla hajasukuma chombo lazima asikie Mamlaka ya Hali ya Hewa imesema nini juu ya upepo na mawimbi. Akishasikia hutoka nje, hutazama wingu, kisha hubisha. Lakini hawezi kubishana na kitu asichokisikia. Kwa hiyo redio yake ilipoanza kukoroma, kila sentensi ikitoka kana kwamba inapitia kwenye gunia la makumbi, nyumba nzima ilikosa raha.

Ni National ya zamani, ya kubeba mkononi, inayokula mawe manne makubwa. Mawe yake yameanikwa juani mara nyingi kuliko samaki wa nyumba ile.

“Wewe si umesoma Dar?” mjomba akaniambia. “Hebu ifungue.”

Nilisomea uhasibu. Ila mjomba akikutuma huulizi, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaona video mbili za mafundi kwenye simu.

Jambo la kwanza nililifanya sawasawa, na naomba lihesabiwe: nilitoa mawe. Waya wa umeme nao nikauchomoa ukutani kabisa, sikuridhika na kuzima swichi. Nikafungua skrubu tano za mgongoni, nikavuta. Mgongo ukagoma. Nikavuta tena, ukalia “ta!”, na barazani mjomba akakohoa kile kikohozi chake kisicho cha mafua. Skrubu ya sita ilikuwa imejificha ndani ya chumba cha mawe, nyuma ya springi iliyoliwa na kutu ya chumvi. Redio za namna hii hupenda kuficha skrubu moja. Mgongo ukikataa, tafuta usiyoiona. Bisibisi haikuumbwa iwe mtaimbo.

Ndani kulikuwa na kijiji. Koni ya spika ni karatasi iliyoshikwa kwa gundi, na mende hula vyote viwili, karatasi na gundi. Hawa wa mjomba walikuwa wametafuna ukingo mzima wa upande mmoja, na waliokuwamo walinitazama kama wapangaji wanavyomtazama dalali. Ili nisimsingizie mende, nilichomoa nyaya mbili za spika na kugusisha jiwe moja la volti 1.5 kwenye miguu yake, mguso mmoja tu. Spika nzima hujibu “tak”, kavu na safi. Hii ilisema “khaaa”, kama mzee aliyeamshwa usingizini.

Basi nikaitoa. Nikailaza chali mkekani, sumaku chini, na zile skrubu sita nikaziweka karibu yake zisipotee. Nikaenda kunywa maji. Niliporudi hazikuwapo.

Nikainua spika na kuipandisha juu ya kabati isinizuie kutafuta. Mkeka tukaukung'uta, sakafu ikafagiwa, mchanga wa mlangoni ukapepetwa kwa ungo. Mwishowe macho yote yakamwangukia kuku mmoja mwekundu aliyekuwa amepita pale. Ana sifa ya kudonoa kila kinachong'aa. Mjomba, ambaye hakuwa ameonja kuku tangu Idi, aliunga mkono kwa moyo mmoja kwamba uchunguzi ufanywe ndani ya kuku. Mkaza mjomba ndiye aliyepinga: kuku huyo anataga, redio haitagi. Kesi ikaahirishwa.

Kesho yake nikaenda Kibiti kutafuta spika. Ni safari ya kupigwa vumbi kwa bodaboda mpaka Bungu, kisha gari kwenye barabara kuu ya Lindi. Kipimo nilikuwa nimekichukua kwa vidole: vitatu na nusu. Fundi akanipa spika ya vidole vitatu na nusu, nikarudi nayo hadi Nyamisati, nikaiweka mahali pake, ikatumbukia ndani na kulia kama sarafu kwenye kibuyu. Vidole vya fundi yule ni vyembamba.

Usiku ule nilikaa gatini na watu wanaosubiri maji yajae waende Kilindoni, nikakumbuka kwamba delta hii imeona ufunguaji mkubwa kuliko wangu. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humu Rufiji, mitambo yake ikiwa mibovu. Vipande vya boila vikakokotwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa, vikafungwa. Meli hiyo ilipigwa na Waingereza hadi mabaharia wake wakaizamisha wenyewe tarehe 11 Julai 1915, na bado ikafunguliwa tena: mizinga yake 10 ikatolewa majini, ikaenda kupigana bara. Waliokokota ni babu zetu, kwa kamba na migongo, na sina shaka kwamba hakuna aliyekwenda kunywa maji akaacha nati mkekani. Mimi nimeshindwa na skrubu sita na redio ya kilo mbili.

Safari ya pili nikabeba spika mbovu yenyewe, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama si kiburi. Mkaza mjomba aliifunga kwenye gazeti. Fundi akaifungua juu ya meza, akaigeuza, akanitazama.

“Kaka, na hizi skrubu sita nazo unauza?”

Zilikuwa zimeganda kwenye sumaku, zote sita, zimejipanga kama watoto wa madrasa. Nilimpigia simu mjomba papo hapo kumwombea kuku msamaha. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, “Haya.”

Fundi akasoma maandishi ya nyuma ya sumaku: omu 8. Akanitafutia ya ukubwa uleule na omu zilezile. Nilipoonyesha nyingine nzuri ya omu 4, ya bei poa, akatikisa kichwa. Omu zikipungua, umeme unaopita unazidi, na ile sehemu ya redio inayokuza sauti hupata moto hadi ikafa. Nikalipa, nikanyamaza.

Nimefika, umeme ukakatika. Sikutaka kungoja, nikatafuta kipande cha shaba, nikakichomeka kwenye jiko la mkaa ili nilehemu kama wazee. Kwenye jiko hilohilo kulikuwa na kamba wa nazi. Mkaza mjomba alinifukuza kwa mwiko, na alikuwa na haki: risasi na chakula havikai moto mmoja. Nikapewa jiko bovu na kona ya uani, upepo ukinipitia mgongoni ukipeleka moshi mbali na pua yangu.

Hapo nikapoteza saa nzima nikitetemeka juu ya waya upi uende mguu upi, chanya au hasi. Kwa redio yenye spika moja haina tofauti hata kidogo. Niligeuza mara tatu kabla ya kuambiwa hivyo kwa simu na fundi, ambaye sasa alikuwa anacheka waziwazi.

Kumbe balaa lenyewe lilikuwa uzi. Redio za zamani zina uzi mwembamba unaozunguka magurudumu na kuivuta ile sindano ya stesheni. Nilipokuwa natoa ubao wa ndani kumfukuza mende wa mwisho, uzi ukachomoka. Nilipiga picha, ndiyo. Baada ya kuchomoka. Nikauzungusha jinsi akili ilivyonituma, binamu yangu wa kidato cha pili akinimulikia tochi na kuguna. Nikafunga mgongo, skrubu sita, nikazihesabu kwa sauti mbele ya mashahidi. Mawe ndani. Nikawasha.

Sauti ikatoka safi, nene, haina koo. Mjomba akatabasamu hadi jino la dhahabu likaonekana. Akashika kitufe, akazungusha kulia kwenda mbele. Sindano ikaenda kushoto.

Nilikuwa nimeufunga uzi kinyume. Stesheni zote zipo, ila kila moja inakaa kwenye namba ya mwenzake. Nikasema nitaifungua tena. Mjomba akaikumbatia redio kama mtoto anayetaka kunyang'anywa.

Binamu akachukua daftari. Mistari ya FM inaanzia 88 na kuishia 108, akasema, kwa hiyo jumla ni 196. Stesheni ya 90 utaikuta kwenye 106, ya 95 kwenye 101. Toa tu.

Mjomba ameandika 196 kwa mkaa mgongoni mwa redio. Ukipita barazani kwake ukataka kusikia habari za upepo, fanya hesabu kwanza, na bisibisi iache nyumbani.