Sifa za Kufuli Karimu

Katika mianya yote ya usalama iliyowahi kugunduliwa kwenye programu dhibiti za kompyuta, hakuna unaostahili kuvikwa nishani kama ule uliosajiliwa mwaka 2017 kwa namba CVE-2017-5689. Mianya mingine humtoa mdukuzi jasho. Huu haukumdai hata herufi moja.

Makazi yake tu yanatosha kuutukuza. Kompyuta nyingi za ofisi zenye prosesa za Intel hubeba ndani ya chipu zake kompyuta nyingine ndogo, isiyojali kama Windows imewaka au imekwama. Hata mashine ikizimwa, maadamu waya uko kwenye umeme, yenyewe hukesha. Huduma inayoendeshwa humo, AMT, ina nia njema kabisa: humwezesha fundi wa kampuni kuwasha, kuzima na kutengeneza kompyuta akiwa mbali, kwa kuingia kwa jina la admin na nenosiri lake.

Fundi huyo hatumi nenosiri lenyewe. Hutuma alama 32 zilizokokotolewa kutokana nalo. AMT nayo hukokotoa za kwake, kisha hulinganisha. Hapo ndipo ukarimu ulipojificha. Programu ililinganisha alama kwa idadi aliyoleta mgeni, wala si kwa idadi iliyotakiwa. Aliyeleta 32 alikaguliwa zote 32. Aliyekuja mikono mitupu hakukaguliwa chochote, na kwa kuwa hakukosea popote, alikaribishwa kama mwenye nyumba. Ni sawa na mwalimu anayesahihisha yale tu yaliyoandikwa, akampa mia kwa mia aliyerudisha karatasi nyeupe. Anayeumia katika mpango huo ni fundi halali aliyekosea herufi moja ya nenosiri: huyo alifukuzwa mlangoni.

Mwanya huu ulikuwa pia na staha. Mawasiliano ya AMT hupokelewa kabla hayajaifikia Windows, kwa hiyo programu ya kuzuia virusi haikusumbuliwa na habari za wageni. Haukuwa na papara: ulitulia tangu toleo la 6 la programu dhibiti hiyo hadi la 11.6, mpaka Maksim Malyutin wa kampuni ya Embedi alipoufichua. Intel ilipoutangaza Mei 1, 2017, ulipewa alama 9.8 kati ya 10 za ukali, ufaulu ambao wanafunzi wengi wangeuonea wivu.

Kuuondoa nako kuliheshimu ukuu wake. Intel ilitengeneza dawa, lakini kila kiwanda cha kompyuta kililazimika kuiandaa upya kwa ajili ya mashine zake na kuisambaza chenyewe, tena si kwa mashine zote kwa wakati mmoja. Waliokuwa wakisubiri walishauriwa kuizima AMT.