Barua kwa Mwenye Ufunguo wa Friji ya Chanjo

Mheshimiwa,

Salaam kutoka Mowlem, Nairobi. Nakuandikia kwa adabu yote niliyobakiza baada ya kuambiwa tena dirishani, "Chanjo ya kichaa cha mbwa imeisha, jaribu kemisti." Dada wa dirishani simlaumu, hata yeye sauti imemkauka kwa kurudia maneno hayo.

Nimekaa nikaona kosa si la friji yako. Ni la mbwa wetu, wanaouma ovyo bila kuuliza kama stoo kuna kitu. Naomba basi uwatolee ratiba. Ibandikwe nyuma ya bucha, na pale kwenye rundo la taka ambalo kanjo wamelisahau. Mowlem waume Jumanne, Umoja Jumatano, Dandora wangoje bajeti mpya. Usiku na wikendi marufuku. Na kwa kuwa sindano hufuatana siku ya 0, 3, 7 na kuendelea, mbwa aangalie kalenda kwanza asije akatuangushia dozi siku ya mgomo. Anayekusudia kutoa damu athibitishe kwamba imunoglobulini ipo, maana kidonda cha hivyo huihitaji pamoja na chanjo. Asiyejua kusoma asomewe na chifu.

Kuhusu kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15: tuletee maji, sabuni tutajinunulia. Na vijana wanaochambua taka Dandora wachanjwe kabla ya kuumwa. Najua umecheka.

Mimi sicheki. Dalili zikishaanza hakuna tiba, na hilo unalijua kuliko mimi. Mtoto aliyeumwa anashindwa kumeza maji, kikombe tu kinamtia hofu, na mama yake alizunguka kemisti zote akiwa na pesa ya dozi moja. Mbwa alimwachia wiki kadhaa za kuokolewa. Ni nyinyi mliozila. Chanjo ya kwanza alidungwa mtoto Paris mwaka 1885. Hata kwa miguu ingekuwa imefika Mowlem.

Niwie radhi, mheshimiwa. Nilikusudia kukupongeza kwa mkakati wa kitaifa wa 2014, unaoahidi kwamba kufikia 2030 hakuna atakayeuawa na kichaa cha mbwa nchini. Kwa hesabu hiyo, mbwa 7 katika kila 10 wanapaswa kuchanjwa. Hawa wetu wa bucha wako tayari, hata foleni watapanga. Ila 2030 ikitangulia kufika kabla ya chanjo, naomba ratiba yangu iongezewe muda.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Mowlem (mguu wa kushoto)