Hata Kitunguu Kimenizidi

Jamani, mimi sina cheo. Kazini sina. Mtaani sina. Nyumbani ndiyo usiseme. Kikao cha mtaa nikinyoosha mkono, balozi anaanza kutafuta miwani yake mpaka mkono uchoke. Mwenye nyumba akija kudai kodi anaongea na mke wangu, mimi ananipa "habari za saa hizi" na kunipita. Poa, nimezoea. Ila kulikuwa na cheo kimoja nimejiwekea moyoni, hata mke sikumwambia. Mimi ni binadamu. Yaani mambo yaharibike vyovyote, kuku wa jirani nikimtazama, namtazama kwa juu. Si tuliambiwa? Uhai ulianza na vidudu, wakaja samaki, wakaja mijusi, wakaja nyani, halafu nikaja mimi. Mstari unapanda, unapanda, na mwisho wa mstari nimekaa mimi na bukta yangu.

Cheo hicho nimevuliwa. Na aliyenivua anakula ugali wangu.

Ni mpwa wangu, binti wa dada. Anasoma baiolojia chuo kikuu, likizo kaja kwetu. Mtoto ana adabu huyo! "Shikamoo anko," goti anapiga, kiti anakusogezea. Ukishakaa vizuri ndiyo anakutukana kwa takwimu mpaka chai inapoa.

Siku hiyo nilikuwa namenya vitunguu. Ndiyo, namenya mimi, tuendelee. Akaniambia, anko, unajua hicho kitunguu kina DNA mara tano ya yako? Nikacheka, nikajua utani wa hosteli. Hacheki. DNA ya binadamu, anasema, ina herufi kama bilioni 3.2. Kitunguu, bilioni 16 hivi. Nikakitazama kile kitunguu nilichokinunua gengeni kwa jero. Machozi yakanitoka, na mpaka leo sijajua yalikuwa ya kitunguu au yangu.

Mke wangu, ambaye kwao Musoma, akadakia: "Na kamongo je?" Furaha aliyoulizia sikuipenda. Kamongo mnamjua? Samaki wa matope. Maji yakikauka anajizika kwenye tope, anavuta hewa kwa mapafu, anasubiri mvua bila kumlaumu mtu. Mke wangu akimkaanga anamsifia kwa maneno ambayo mimi tangu nimuoe sijayasikia. Basi binti akasema ndugu yake kamongo wa Amerika ya Kusini walimsoma wakamaliza mwaka 2024, wakamkuta na herufi bilioni 91. Karibu mara 30 ya mtu! Na huyu wa kwetu wa Ziwa Viktoria, vipimo vya zamani vilimpa kama bilioni 130. Vigelegele jikoni. Ukweni wameshinda.

Nikasema wingi si hoja, lori la taka nalo ni kubwa. Binti akakubali! Akasema sehemu kubwa ya hiyo DNA ni vipande vinavyojinakili vyenyewe tu, miaka nenda rudi, na havijengi mwili wowote. Nikapanda kichwa. Nikasema basi acha taka, tuhesabu jeni, zile za kazi. Akatabasamu. Mtu akitabasamu hivyo kwenye karata, weka karata zako chini uende nyumbani. Tatizo mimi nilikuwa nyumbani tayari.

Zamani, anasema, wataalamu wengi walikisia binadamu ana jeni 100,000. Rasimu za DNA ya binadamu zikatoka mwaka 2001, hesabu ikaporomoka. Leo wanasema kama 20,000. Haya. Kuna mnyoo wa udongoni, mrefu milimita moja, mwili wake mzima una seli 959. Walizihesabu moja moja, wakamaliza. Jeni zake? Kama 20,000. Mimi nina seli trilioni 30, mkopo wa saccos na presha. Mnyoo ana seli 959 na hadaiwi na mtu. Jeni tumelingana. Eti tofauti haiko kwenye idadi, iko kwenye namna jeni zinavyowashwa na kuzimwa, kiungo gani, saa ngapi. Mimi umeme wa chumbani kwangu tu sijui unazimwa saa ngapi, nitayajua ya kwenye ini?

Nikabadili njia. Nikasema mwanangu, sawa, lakini ukweli si unauona? Mwanzo kulikuwa na bakteria peke yao. Leo kuna tembo, kuna pweza, kuna mimi. Si kuna kitu kinasukuma mambo juu?

"Anko," akasema, "fikiria mlevi."

Mke wangu akaacha kukaanga.

"Katoka baa. Kushoto kwake ukuta wa baa, kulia mtaro. Anayumba tu, mara huku, mara kule, hana anakokwenda. Akigonga ukuta hawezi kuupenya, anarudi. Mwache hivyo muda mrefu. Ataishia wapi?"

"Mtaroni," mke wangu akajibu. Hakumtazama binti.

Mtaroni, kila mara. Wala hakuwa anautafuta mtaro, ila upande wa pili kuna ukuta. Na msidhani mfano huo kautunga binti. Ni wa Stephen Jay Gould, mtaalamu wa visukuku wa Chuo Kikuu cha Harvard, kauandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1996. Harvard sijafika. Ila yule bwana nahisi aliwahi kupita kwetu usiku.

Maana yake ni hii, nilivyoielewa mimi, kwa hiyo punguzeni kidogo. Kuna kiwango cha urahisi ambacho kiumbe akishuka chini yake, hayuko hai tena. Huo ndio ukuta. Bakteria walianzia pale pale ukutani, yapata miaka bilioni 3.5 iliyopita. Vizazi vinayumba. Anayeyumba kuelekea ukutani hana pa kwenda. Anayeyumba upande wa pili, njia nyeupe. Mpe muda, wachache watajikuta mbali kabisa, wana ubongo, wana magoti, wana kodi ya pango. Hakuna aliyewasukuma. Umati wenyewe wa viumbe bado uko ukutani, bakteria kwa bakteria, wametulia, wanaendelea na shughuli zao.

Yaani binadamu ndiye yule wa mtaroni. Nilirudia kuuliza, nikidhani sijasikia vizuri. Nilikuwa nimesikia vizuri.

Nikadai ushahidi. Angalau nionekane mtu wa ushahidi. Akanitajia Daniel McShea, Mmarekani. Miaka ya 1990 huyu alichukua pingili za uti wa mgongo za wanyama wa kale akazilinganisha na za vizazi vyao vilivyofuata. Ngamia, nyangumi, kindi, mpaka kakakuona. Kama kuna kitu kinavuta viumbe kwenda kwenye ugumu, migongo ya wajukuu ingekuwa na mambo mengi kuliko ya mababu. Wapi! Wengine walizidi, wengine walipungua, hakuna upande uliopendelewa. Mgongo wangu hawakuupima. Tangu nibebe friji ya mwenye nyumba ghorofani, bila hata soda, wa kwangu naujua ulikoelekea.

Na wapo wanaorudi ukutani kwa raha zao. Tegu, yule mnyoo wa tumboni, mababu zake walikuwa na mdomo na utumbo. Yeye kaviacha. Anajinyoosha ndani yako, anafyonza kwa ngozi chakula ulichokinunua wewe, ukakipika wewe, na sahani ukaosha wewe. Hata sisi tumepoteza vitu. Mbuzi anajitengenezea vitamini C ndani ya ini lake. Mababu zetu waliweza pia, ile jeni ikaharibika mamilioni ya miaka nyuma, haijafanyiwa ripea mpaka leo. Ndiyo maana mbuzi wa mtaani anatafuna boksi na afya anayo, mimi nabembeleza machungwa kwa mkopo.

Binti akaniona nimenywea, akanionea huruma. Akasema wengine hawaridhiki na hadithi ya mlevi peke yake. John Maynard Smith na Eörs Szathmáry, mwaka 1995, waliandika kwamba kuna miruko mikubwa michache iliyojenga jambo juu ya jambo. Seli moja ilimchukua bakteria ndani yake, hakutoka tena, na leo ndiye anayetupatia nguvu mwilini. Seli zilizokuwa zinajitegemea zikaungana zikawa mwili. Wadudu wakaungana wakawa kichuguu cha mchwa. Nikainuka kwenye kiti. Ngazi si hiyo! Akasema ndiyo anko, lakini kila mruko una masharti. Aliyekuwa anajiendea mwenyewe, akishaungana, hana tena maisha yake peke yake, mpaka kuzaa kwake kunapitia kwa kundi.

Hapo sikuhitaji mwalimu. Nimeoa.

Nikauliza swali la mwisho, kwa sauti ndogo. Basi angalau huu mwili, huu hapa nilioukalia, ni wa kwangu? Akachukua daftari lake. Mwaka 2016 watafiti walipiga hesabu ya mwanamume wa kawaida. Seli zake mwenyewe, trilioni 30. Bakteria anaotembea nao, trilioni 38. Ukiitishwa uchaguzi ndani ya ngozi yangu leo hii, nashindwa, tena bila kuibiwa kura hata moja.