Mbinu za Kumkwepa Mheshimiwa Aliyemo Ndani Yako

Sogea karibu, mtumishi. Haya hayafundishwi kwenye semina ya wachungaji. Nataka nikufundishe kushindwa. Wenzako kuanzia Buhongwa mpaka Kisesa wanapanda vyeo kwa kasi: jana Mwinjilisti, leo Mchungaji Kiongozi, kesho Askofu, keshokutwa Mtume na Nabii Daktari. Wewe uachwe nyuma kwenye mbio hizo, uachwe kwa ustadi, na ikiwezekana waumini wasijue kwamba ulijichelewesha makusudi. Kanisa la Kanda ya Ziwa linawahitaji sana watu walioshindwa namna hiyo.

1. Kubali kwamba unapenda

Usianze kwa kujifanya mnyenyekevu. Unapenda. Mshereheshaji pale Viwanja vya Furahisha akianza kukutaja, na kila cheo kikipokewa kwa vigelegele, mgongo wako hunyooka wenyewe. Sikulaumu. Waraka wa Tatu wa Yohana unamtaja kwa jina Diotrefe, aliyependa kuwa wa kwanza kanisani, na mitume wenyewe waligombana njiani nani kati yao ni mkubwa. Kwa hiyo usimalize mwaka mzima ukiomba tamaa hiyo ife. Haifi, inazungukwa. Panga mambo yako siku kichwa kimetulia, ili siku ya sherehe usipate nafasi ya kushawishika.

2. Mkamate mshereheshaji kabla hajashika maiki

MC hana nia mbaya, anaogopa tu. Anajua kwamba akiruka cheo kimoja cha mgeni, msaidizi wa mgeni huyo atamfuata nyuma ya jukwaa kumuuliza ana chuki gani na huduma yao. Akizidisha, hakuna anayemfuata. Basi anazidisha.

Mwokoe. Mwandikie kwa mkono wako, herufi kubwa: jina, kazi, mahali. Mchungaji fulani, wa Igoma. Nukta. Mpe karatasi hiyo pamoja na soda, kisha mnong'oneze kwamba akiongeza neno utasimama ulisahihishe mbele za watu. Hiyo atakumbuka.

Sikukwambia ufute "Mchungaji". Jina la kazi ni halali. Mtu akisikia "paroko" anajua aende wapi kuandikisha ndoa. Akisikia "katekista" anajua nani anawafundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Paulo alijiita mtume kwa sababu alitumwa, na alikuwa na makovu ya kuthibitisha. Panga lako liyaangukie yale maneno yasiyo na kazi nyuma yake: Mheshimiwa, Mhashamu, Mwadhama, Jenerali wa Injili. Kipimo ni kifupi. Neno hili likiondolewa, kuna muumini atakayekosa huduma? Kama hayupo, kata.

3. Nenda mwenyewe kwa mchapa mabango

Usimtume kijana wa kwaya. Anakupenda, na upendo wake utakugharimu. Picha yako itajaza nusu ya turubai, vyeo vitafuata mistari miwili, na jina la Yesu litabanwa chini kabisa jirani na namba ya kutuma sadaka. Kaa karibu na fundi mpaka amalize. Akikuambia nafasi imebaki, mwambie akuze mahali na saa. Anayeshuka daladala Nyakato anataka kujua aelekee wapi na mkutano unaanza lini.

4. Simu ya udaktari ikilia

Italia tu. Sauti nzuri itakueleza kwamba chuo fulani cha nje kimeona huduma yako na kinataka kukutunuku udaktari wa heshima, kinachobaki ni mchango wa joho na ukumbi. Uliza maswali mawili. Nilisoma nini? Na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inakitambua chuo hicho? Mara nyingi mazungumzo hayafiki swali la tatu.

Kama ulisoma kweli, ukakesha na kutetea tasnifu yako, shahada ni jasho lako. Itumie darasani na kwenye vitabu. Madhabahuni iweke pembeni, hasa katika mji huu. Mwanza ina hospitali ya Bugando. Kwa mama aliyepanda meli kutoka Nansio na mtoto mwenye homa mgongoni, daktari ni mtu mwenye kazi moja inayojulikana. Sasa mama huyo akisimama mbele yako kanisani, umetangazwa Daktari, ukamwekea mtoto mikono, anaweza kuamini kwamba safari yake imekwisha na akarudi kisiwani jioni hiyo. Mwombee mtoto, ndiyo, kisha mwelekeze Bugando, na ikiwezekana mpe nauli. Kati ya yote niliyoandika humu, hili ndilo ninalokusihi zaidi.

5. Jipatie mababu

Wazee wa kanisa watakuja kwako jioni, wawili au watatu, na watakaa kimya kidogo kabla ya kuanza. "Mchungaji, unatuangusha. Wenzetu wana Baba Askofu. Sisi tukiitwa kikao kwa mkuu wa mkoa tutakaa viti vya nyuma."

Wasikilize vizuri, maana wanasema kweli. Cheo chako ni heshima yao pia. Mchuuzi wa dagaa wa Kirumba anayekaripiwa na kila mtu Jumatatu hadi Jumamosi hupata, Jumapili, kitu cha kujivunia. Ukimnyang'anya hicho bila kumpa kingine, umemwonea. Mpe historia yake mwenyewe.

Anza na Nassa, kando ya ziwa hilihili. Mwaka 1909 wamisionari wa Africa Inland Mission (AIM) walikipokea kituo hicho kutoka kwa Waanglikana wa CMS. Jumuiya yao haikuwa na askofu. Hapo ndipo lilipoota kanisa la AICT, ambalo leo lina maaskofu na askofu mkuu, na makao makuu yake yako Mwanza. Naelewa kwa nini lilifika huko. Serikali hutaka kujua nani amkaribishe nani, na kanisa lisilo na askofu, likikaa meza moja na Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri, huonekana halina kichwa. Uaskofu kama ofisi sina ugomvi nao. Ila wakumbushe wazee kwamba babu zao wa Nassa walibatizwa, wakasoma na kujenga makanisa bila kuwa na Baba Askofu wa kumshangilia, na imani ilishika.

Kisha wapeleke kwa Wasabato, ambao wamekuwa kando ya ziwa hili tangu enzi za Mjerumani. Mkuu wao wa konferensi ni mchungaji anayechaguliwa kuwa mwenyekiti kwa muda, na muda ukiisha anarudi kuwa mchungaji kama wenzake. Wana shule, wana zahanati, wana waumini tele. Hawajaaibika.

Kama wazee wako ni Walutheri au Waanglikana, wataje Walokole. Uamsho wao uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukavuka hadi Bukoba, ulikuwa na salamu moja kwa wote, ndugu. Mchungaji aliungama dhambi zake mbele ya mpishi wake, na mpishi mbele yake. Josiah Kibira alilelewa na uamsho huo. Akawa askofu wa Bukoba mwaka 1964, na mwaka 1977 akachaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Malezi ya undugu hayakumfupisha.

Kwa Wakatoliki una hazina nyingine. Tarehe 16 Novemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukielekea mwisho, maaskofu wapatao 40 walishuka kwenye katakombe za Domitilla, Roma, wakaadhimisha misa na kuweka ahadi. Mojawapo ilikuwa kukataa majina yanayotangaza ukubwa na mamlaka, Mwadhama na mengine ya aina hiyo. Waliomba waitwe Padre, basi. Na mwaka 2014 Papa Fransisko alipunguza utoaji wa cheo cha Monsinyori, kwa mapadre wa majimbo kikabaki kwa waliotimiza miaka 65. Ukiulizwa umeyatoa wapi mawazo haya ya kigeni, jibu: Roma.

Wakiendelea kusita, tumia turufu ya mwisho. Mtoto wa Butiama, mwendo wa saa chache kutoka hapa, aliongoza nchi zaidi ya miaka 20 na watu walimwita Mwalimu, jina la kazi aliyoifanya Tabora na Pugu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, viongozi wake waliitana Ndugu. Mzee yeyote wa Kanda ya Ziwa aliyeishi miaka ile atatabasamu hapo. Usiongeze neno, agiza chai.

6. Bibi akikuita Baba

Hapa watumishi wengi wenye nia njema huharibu. Bibi wa Magu, mtoto wa Kisukuma aliyelelewa kupiga goti, anakuja na kuku wa shukrani, anainama, anasema "Baba". Wewe, umetoka kusoma Mathayo 23, unamkatalia na kumpa somo. Umemwaibisha mtu mzima mbele ya wajukuu wake ili wewe uonekane mnyenyekevu. Hicho ni kiburi kilekile, kimebadili nguo.

Soma sura hiyo yote. Yesu anakataza majina, kweli, lakini kabla ya hapo ameshawasema wanaotafuta viti vya mbele na salamu za sokoni, na wanaowatwika watu mizigo wasiyoigusa wao wenyewe kwa kidole. Kwa hiyo fanya hivi: mwamkie wewe kwanza. Shikamoo, mama. Chukua kuku, mwinue, mpishe kiti chako akae. Heshima aliyokuletea irudishe palepale kabla haijapoa. Ukifanya hivyo kila wiki, na ukawaita wazee wote Baba na kina mama wote Mama, neno litasambaa kanisa zima na halitakuwa cheo cha mtu mmoja tena.

Na kama watu wakikupa jina wao wenyewe, lipokee. Padre David Clement, Mkanada aliyejenga Bujora na kukusanya ngoma na vifaa vya Wasukuma, wenyeji walimwita Fumbuka. Jina la namna hiyo hulipati kwa kulipia ukumbi. Unalipata kwa kukaa na watu miaka mingi na kucheza ngoma za Bulabo pamoja nao.

7. Mweke mtu wa kukubishia

Sasa kiini cha yote. Kila neno la utukufu linaloongezwa mbele ya jina lako hufunga mdomo wa mtu fulani, na mara nyingi mdomo huo ni wa mhasibu. Ni vigumu sana binti wa miaka 26 mwenye cheti cha uhasibu kumwambia Mtume wa Mungu kwamba hesabu ya saruji haikai sawa. Kumwambia Mchungaji inawezekana. Kumwambia ndugu ni rahisi zaidi. Makanisa hayaporomoki kwa sababu kiongozi hakuitwa vizuri; huporomoka kwa sababu aliitwa vizuri mno mpaka hakuna aliyethubutu kumuuliza fedha za jengo ziko wapi.

Basi mkutano wa mapato na matumizi ukifika, mwachie mzee wa kanisa aendeshe kikao. Keti kwenye benchi, katikati ya watu, bila joho. Binti asome taarifa yake. Akifika kwenye saruji na sauti ikaanza kutetemeka, mwambie aseme wazi, na akikosea kwa woga akakuita Mheshimiwa, mrekebishe kwa upole na umwombe asome mstari ule tena. Akimaliza, mshukuru mbele ya wote, kisha ingiza mkono mfukoni utoe risiti uliyokuwa hujaileta.