Corolla Nyekundu na Nta ya Ileje

Corolla 110 ya mume wangu ilitoka bandarini ikiwa nyekundu, na kadi yake mpaka leo inasema nyekundu. Lakini gari linalolala nje hapa Mpemba, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, halibaki na rangi ya kwenye kadi. Jua la huku halina joto la Dar es Salaam, ndiyo maana watu hulidharau, kumbe miale yake ni mikali zaidi kwa kuwa hewa iliyo juu yetu ni nyepesi. Paa na boneti vilipauka vikawa rangi ya ufizi, milango ikabaki na wekundu wake wa Japani. Ukilitazama kwa mbali ungedhani ni magari mawili yaliyounganishwa gereji. Watoto wa mtaani walilipa jina, na jina lenyewe si la kuandikwa mahali pa heshima.

Na juu ya kupauka kuna vumbi. Sisi tupo kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia, kilomita chache kabla ya mpaka wa Tunduma, pale inapochepuka barabara ya Isongole kwenda Ileje. Malori yanayopeleka mafuta na salfa Zambia na Kongo, na yale yanayorudi na shaba, yote hupita mlangoni kwetu. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019, foleni ina siku zake za kwisha na siku zake za kurefuka. Ikirefuka, madereva huegesha pembeni, na kila lori likishuka lami huinua wingu jekundu. Ikifika Agosti, upepo unalikokota wingu hilo mpaka ndani ya kabati la vyombo. Hapa mtu hamwulizi mwenzake kama kafuta vumbi. Anamuuliza kafuta saa ngapi.

Sasa binti wa wifi yangu alikuwa anaagwa, sendofu Vwawa. Kwenye kikao cha kamati mwenyekiti akauliza nani atatoa gari la kumwingiza binti ukumbini. Mume wangu alinyoosha mkono kabla swali halijafika kwenye alama ya kuuliza. Wajumbe wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kusema kitu, maana mjomba ni mjomba, na pia alikuwa ameshatoa mchango wake wote kwa mkupuo, jambo ambalo kwenye kamati zetu humfanya mtu awe kama waziri.

Vijana wa kuosha magari si haba barabarani. Mume wangu akawakataa. "Kitambaa kile kile kimetoka kwenye chasisi ya lori, kinahamia kwenye boneti yangu," alisema. Hapo, kwa haki, alikuwa na hoja. Chembe za mchanga zilizo kwenye vumbi letu ni ngumu kuliko rangi ya gari, ngumu hata kuliko bati lililo chini ya rangi. Ukizisugua na kitambaa bila kuzimwagia maji kwanza, unachora. Mikwaruzo ile midogo ya mviringo unayoiona kwenye magari meusi yanapopigwa na jua, mingi imetokana na kuosha.

Kwa hiyo gari lingeoshwa nyumbani, na kwa utaratibu. Utaratibu alikuwa ameupata kwenye simu: ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga ubaki kwenye ndoo ya pili usirudi kwenye rangi, uanze juu ushuke chini, matairi yawe na kitambaa chake. Ushauri safi kabisa. Tatizo ni kwamba ndoo zote mbili zilikuwa zangu, na maji yalikuwa ya pipa langu. Bomba siku hizo lilikuwa linatoa upepo tu, tunanunua dumu moja shilingi 500 kwa vijana wa mikokoteni. Niliona maji ya kuogeshea watoto yakimwagwa kwenye paa la gari, nikajiambia harusi ni ya ukoo, acha.

Shemeji yangu, mdogo wake, ndiye aliyekuwa msaidizi. Yeye amewahi kushika kazi kwenye gereji ya rangi kule Tunduma, muda wa kutosha kujua majina ya dawa zote, si muda wa kutosha kujua matumizi yake. Alianza na matairi. Kisha, dodoki likiwa bado mkononi, akapanda mlangoni. Mume wangu alipiga kelele ambayo ilimsimamisha hata muuza mkaa barabarani. Dodoki likatupwa, kikatafutwa kitambaa laini, na kitambaa laini kuliko vyote ndani ya nyumba yangu kilikuwa taulo la wageni.

Baada ya kuosha, wakaingia kwenye kusugua. Shemeji alikuja na kopo la kompaundi, dawa nzito yenye chengachenga ndogo sana zinazokula uso wa rangi taratibu kama msasa usioonekana. Akaweka kidogo kwenye boneti, akasugua kwa mizunguko. Alipogeuza kitambaa, kilikuwa chekundu.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa kwenye mkeka anachambua maharage, aliona kabla yetu. "Mwanangu," akamwambia mume wangu kwa utulivu, "gari linatoka damu."

Pakawa na kikao palepale. Mume wangu alitaka kazi isimame. Shemeji aliapa kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa, na safari hii alikuwa sahihi. Magari ya siku hizi yana rangi, halafu juu yake tabaka la klia lisilo na rangi. Ukiyasugua, kitambaa hakibadiliki rangi. Lakini baadhi ya magari ya zamani, hasa meupe na mekundu, yalipigwa rangi moja tu inayojing'arisha yenyewe. Jua huiua ile ngozi ya juu, nayo ndiyo inayopauka. Ukiiondoa, chini yake rangi ya kiwandani bado ipo. Na kweli, walipofuta, palitokea wekundu ambao nilikuwa nimeusahau, nikauona uso wangu humo, na nyuma yake kamba yangu ya nguo.

Mume wangu alikaa kimya, akalizunguka gari. Kisha akavua shati.

Walisugua mpaka mikono ikafa ganzi. Boneti ikarudi, paa likarudi. Kwenye ukingo wa boneti shemeji alikazana zaidi kwa kuwa palikuwa panatazamana na barabara, na pale ukingoni rangi huwa nyembamba kuliko mahali pengine popote. Pakatokea kidoa cha kijivu, praima hiyo, rangi ya msingi. Alikiziba kwa kidole gumba, akawa anazungumza nasi hivyo hivyo, kidole hakitoki. Tulikigundua kesho yake.

Ila rangi iliyosuguliwa namna hiyo ipo uchi, na lazima ivalishwe nta, la sivyo jua litaanza upya. Kopo la nta ya gari lilitakiwa litoke duka la vipuri Tunduma. Mtoto aliyetumwa na bodaboda akarudi mikono mitupu: duka limefungwa, mwenyewe kaenda kwenye sendofu nyingine.

Hapo ndipo mume wangu alipokumbuka bonge lililokuwa chini ya kitanda cha mama yake.

Mama alilileta kutoka Ileje, kwa kaka yake mwenye mizinga, limefungwa kwenye mfuko wa sukari. Bonge la nta ya nyuki, la kahawia, linanukia. Mama alisema maneno matano tu: "Hiyo ni nta ya mizinga." Angekuwa mwanamume wa rika lake ndiye aliyesema hivyo, naamini angeulizwa maana yake. Mume wangu akajibu kwamba nta ni nta, kwamba hata hiyo ya makopo inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota Brazil, kwa hiyo Wabrazili wana mnazi, sisi tuna nyuki, tofauti iko wapi? Mama akarudi kwenye maharage yake.

Tofauti ipo, na haiko mbali. Nta ya ule mti wa Brazil huyeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu. Ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na hulainika mapema zaidi. Boneti nyekundu iliyoegeshwa juani saa sita mchana haihitaji msaada wa jiko.

Waliiyeyusha kwenye sufuria yangu ya pilau. Walipotaja kuchanganya na mafuta ya taa ili ipakike, niliwatoa nje ya jiko, sufuria na wao, mbali na makaa, maana mafuta ya taa yakishika moto tusingekuwa na sendofu bali matanga. Wakapaka kwa soksi ya shule, nene, juani, kila mahali. Shemeji alisema tabaka likiwa nene kinga huwa kubwa. Si kweli, nta ya gari hupakwa nyembamba, kivulini, bati likiwa baridi, kisha hufutwa mpaka udhani umeiondoa yote. Lakini kwa dakika chache Corolla iling'aa kama haijawahi kung'aa Japani, na majirani walitoka kuitazama.

Kisha likapita lori la salfa, likashuka lami.

Vumbi lilitua kwenye nta laini, likakataa kuondoka. Mume wangu alijaribu kufuta, likajipaka. Gari likawa na manyoya. Alikuwa bado anatafuta wa kumlaumu pale nyuki wa kwanza alipotua kwenye kioo cha pembeni. Akafuata wa pili. Mume wangu akaingia ndani ya gari kufuta dashibodi, nadhani ili asione, na alipoinua macho nyuki walikuwa wamejaa kioo cha mbele. Akapandisha vioo vyote.

Mama mkwe alisimama, akalitazama gari, akakaa chini tena kwa kucheka. "Mmepaka mzinga," alisema alipoweza. Wafuga nyuki wanajua: mzinga mtupu hupakwa nta ndani, harufu yake huwaita nyuki waje kuishi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya lile bonge. Tena halikuwa limechujwa vizuri, lilikuwa bado na asali ndani, na Agosti maua ni haba. Tuliwaandalia karamu, tukaitandaza juani.

Ufunguo wa gari ulikuwa kwangu, nimeufunga kwenye pindo la kanga. Kumpa kulihitaji kushusha kioo, na kioo hakikushushwa. Tulimwona akipokea simu. Sauti ilipenya kioo: "Naam mwenyekiti. Tupo njiani."

Kitindamimba wangu akauliza kama baba atalala humo. Shemeji alipendekeza moshi wa kinyesi cha ng'ombe, mama akamkataza: nyuki walio kwenye chakula si wakali kama walio nyumbani kwao, na jua likizama watarudi walikotoka, mkiwachokoza ndipo mtajua Ileje ni wapi. Basi tukangoja. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha dereva akiwa kifua wazi, mikono kwenye usukani, na wapita njia wote walimsalimia. Aliitikia kwa kichwa.

Giza lilipoingia nyuki wakaondoka. Sendofu iliandikwa saa kumi na mbili jioni, maana yake saa mbili usiku, kwa hiyo tulifika kwa wakati. Binti aliingia ukumbini kwa Noah nyeupe ya katibu wa kamati. Sisi tuliegesha Corolla nyuma ya jenereta, pasipo na taa, na mume wangu alicheza muziki kuliko mtu yeyote.

Kuitoa ile nta kulichukua maji ya moto, kitambaa cha mafuta ya taa, sabuni, halafu madumu ya maji ambayo hesabu yake niliiweka kwenye daftari na kumpelekea. Chini ya uchafu wekundu ulikuwepo, mzima, isipokuwa kile kidoa cha ukingoni. Siku hizi anapaka nta ya kopo jioni chini ya mwembe, tabaka jembamba, na gari bado ni jekundu lote. Sufuria alinilipa, kubwa kuliko ya kwanza. Ile ya zamani chochote ukipika ndani yake kina harufu ya mzinga, tumewaachia kuku.

Nta iliyobaki mama alirudi nayo Ileje, akaipaka kwenye mzinga mtupu wa kaka yake. Kabla mvua hazijaanza, mzinga ulikuwa na nyuki.