Namna ya Kumpima Bingwa wa Ubongo Ukiwa Lokitaung

Amekuja mtaalamu wa ubongo wa binadamu wa kale, na unanong'onezwa kwamba ni mtu mkubwa: makala zake zimenukuliwa mara maelfu. Usipige makofi bado. Watu wa Lokitaung, huku Turkana, wana haki ya kumpima, maana mifupa iliyompa jina imetoka kwenye malaga, yaani mito ya msimu, ya huku.

Anza kwa kukijua kipimo anachotembea nacho. Kinaitwa fahirisi ya h, na kilibuniwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Nani aliinama juani, hakisemi.

Sasa mpeleke Nariokotome. Agosti 1984, siku ya mapumziko, Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku Mkenya, aliacha kivuli cha kambi akaenda kuzunguka kando ya laga. Kipande kidogo cha paji la uso kilikuwa kimelala katikati ya changarawe, rangi moja nazo, naye akakiona. Mwambie mgeni wako ajaribu jicho lake hapo, saa saba mchana. Baada ya Kimeu kuona, wenzake walichimba na kuchekecha udongo, wakavifuata vipande vya fuvu hadi kwenye mizizi ya mti wa miba, mpaka mvulana wa miaka milioni 1.5 iliyopita akapatikana karibu mzima. Fuvu lake lilibeba ubongo wa sentimita za ujazo 880 hivi. Wetu ni kama 1,350. Anayetaka kueleza ubongo ulivyokua hawezi kumruka mvulana huyu, ambaye namba yake ya makumbusho ni KNM-WT 15000.

Mkirudi kivulini, mfungulie makala ya jarida la Nature ya mwaka 1985 iliyomtangaza mvulana, asome majina ya waandishi kwa sauti: Brown, Harris, Leakey, Walker. Muulize Kimeu yuko wapi. Mwaka huohuo Kimeu alipokea nishani ya National Geographic mkononi mwa Rais Reagan, na aliistahili kabisa, lakini nishani haiingii kwenye fahirisi. Naliita hilo deni, na sioni sababu ya kulipunguzia jina.

Akikuonyesha idadi ya kunukuliwa, uliza amenukuliwa kwa lipi. Mwaka 1993 Ann MacLarnon alipima tundu la uti wa mgongo wa mvulana, akaliona jembamba, ikasemwa kwamba neva za kudhibiti pumzi hazikutosha kwa usemi kama wetu. Mwaka 2015 Marc Meyer na Martin Haeusler walipima upya, wakasema tundu limo ndani ya kadiri ya watu wa leo. Anayekusifu na anayekupinga wote wanakuongezea moja. Kwa hiyo mwombe mgeni akutajie waliompinga. Akiwataja kwa heshima, mpe chai.

Halafu mpeleke Lomekwi. Zana za mawe za huko zina miaka milioni 3.3, na makala iliyozitangaza mwaka 2015, iliyoongozwa na Sonia Harmand, ina majina 21. Mojawapo ni Sammy Lokorodi, Mturkana wa timu ya uchimbaji. Jina lake limo kwenye safu ya waandishi, na kila makala hiyo inaponukuliwa naye anahesabiwa. Kumbe inawezekana! Basi yeyote atakayekuambia kwamba taratibu za majarida haziruhusu, mfungulie ukurasa huo.

Na wewe unayesoma Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana pale Lodwar, utakapoandika kuhusu fuvu lolote, usiishie kwenye namba yake ya makumbusho. Andika aliyeliona, mahali na mwaka: KNM-WT 40000, Justus Erus, Lomekwi, 1999. Msimamizi wako akilifuta jina kwa kubana nafasi, lirudishe, upunguze maneno kwingine.