Safu ya Ushauri: Vitabu Elfu Kumi na Mbili na Kifaa Kisichoamka

Memori kadi haisomi vitabu. Huvibeba tu, kama punda. Kazi ya kuvisoma, kuvipanga na kuviorodhesha ni ya prosesa ndogo iliyomo ndani ya kifaa cha kusomea, na prosesa hiyo ilichaguliwa kwa kula chaji kidogo, si kwa mbio. Malalamiko mengi yanayoifikia safu hii chimbuko lake ni hapo.

Mlalamikaji wa kwanza ana vitabu 12,000 kwenye kadi ya GB 32. Kila akiichomeka kwenye Kobo Aura H2O yake ya mwaka 2014, kifaa huingia kwenye shughuli ya kuvitambua vitabu hadi chai inapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Anauliza kama anunue kadi yenye kasi zaidi. Asinunue. Faili la EPUB ni furushi la zip lenye sura za kitabu, picha, na karatasi ya maelezo inayotaja jina la kitabu na la mwandishi. Ili kitabu kimoja kitokee kwenye orodha, kifaa hulifungua furushi, huisoma karatasi hiyo, huchomoa jalada na kulipunguza ukubwa, kisha huandika maelezo yake kwenye hifadhidata. Katika Kobo hifadhidata hiyo ni ya SQLite, nayo hukaa kwenye kumbukumbu ya ndani, si kwenye kadi. Kila kitabu kikichukua sekunde moja tu, vitabu 12,000 ni kazi ya saa 3 na dakika 20. Zaidi ya hapo, hifadhidata iliyonenepa hivyo hufanya hata kufungua ukurasa wa nyumbani kuwe kwa kujikongoja, kadi iwe mpya au kuukuu.

Wauzaji huonyesha maandishi “Class 10” kana kwamba ndiyo tiba. Alama hiyo huahidi kuandika angalau MB 10 kwa sekunde mfululizo, jambo la maana kwa anayerekodi video. Kifaa cha vitabu huokota vipande vidogo vilivyotawanyika huku na huko, na alama inayohusu kazi ya namna hiyo ni A1, inayodai angalau mara 1,500 za kusoma na 500 za kuandika kwa sekunde. Hata hiyo haiipi prosesa nguvu mpya. Dawa ni kupunguza mzigo. Mtu anayemaliza kitabu kimoja kila wiki humaliza 52 kwa mwaka. Hivyo 12,000 vitamchukua miaka zaidi ya 230, na hapo hajaazimwa kitabu na rafiki. Vitabu 300 kwenye kifaa vinamtosha karibu miaka sita. Vilivyobaki vikae kwenye kompyuta chini ya programu ya Calibre.

Wa pili amerundika kila kitu kwenye folda moja, na kompyuta inakataa kuongeza faili ilhali nusu ya kadi ni tupu. Kadi yake ina mfumo wa FAT32, ambamo folda moja haibebi zaidi ya nafasi 65,536. Jina refu hukatwa vipande vya herufi 13, kila kipande kikala nafasi yake, na nafasi moja zaidi ikaenda kwa jina fupi la akiba. Jina la herufi 60 hula nafasi sita, kwa hiyo folda hufurika kwenye vitabu kama 10,900. Folda ndogondogo kwa jina la mwandishi huondoa kikwazo hicho. Kwa anayetumia programu ya KOReader, inayopekua folda moja kwa moja bila kusubiri kuorodhesha maktaba nzima, huongeza na wepesi. Kwenye kifaa kinachotegemea hifadhidata, kuorodhesha kunabaki kulekule.

Wa tatu amenunua kadi ya GB 512 kwa bei ya sahani ya chipsi mayai. Kifaa chake cha zamani kinakubali SDHC, ambayo mwisho wake ni GB 32. Na bei yenyewe inatia shaka: kadi bandia hutangaza ukubwa isio nao, kisha faili mpya zikaandikwa juu ya za zamani bila onyo. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza kadi na kuisoma upya, uongo ukajulikana.

Wa nne anatafuta tundu la kadi kwenye Kindle Paperwhite kwa pini. Aiweke pini chini. Kindle ya kwanza ya 2007 ilikuwa na tundu. Ya pili, 2009, haikuwa nalo, wala Paperwhite hainalo.

Anayeingiza mamia ya vitabu kwenye Kindle kwa mkupuo ana tatizo jingine: betri inayokwisha upesi. Kifaa huwa kinajenga faharasa ya maneno ya kila kitabu kwa ajili ya utafutaji, na faili moja bovu laweza kuikwamisha kazi hiyo siku nzima. Faili hilo hupatikana kwa kugawa: nusu ya vitabu huondolewa, kifaa huwashwa upya na kuachwa kwenye chaja, kisha nusu yenye mkwamo hugawanywa tena. Kwa vitabu 1,000, raundi kumi zinatosha.